Neno Lililosimama Penye Nguzo ya Bendera

Atakayekwambia Mwalimu Kokugonza alikuwa mkali kwa wanafunzi, mwambie Odeta amekataa. Mimi nimekaanga mihogo pembeni ya geti la shule moja huku Butimba tangu mwanangu Chenge hajaota meno, na yaliyofanyika katika uwanja ule nimeyaona kwa macho yangu haya, moshi ukiniwasha. Mwalimu Kokugonza alikuwa mkali kwa mtoto mmoja tu. Na mtoto huyo alikuwa wake wa kumzaa.

Jina lake kamili Wilhelmina Kokugonza, Mhaya wa kule Kagera. Mumewe, marehemu Kaijage, alimwacha na mtoto hajaanza hata kutambaa. Mtoto ndiye Muganyizi. Hakuzaa mwingine, wala hakuolewa tena, ingawa wachumba walikuja, na wengine walikuja na viatu vimepakwa rangi vizuri tu. Mimi na yeye tulikaa nyumba mbili zinazotazamana, ua mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Yeye akiniita Mama Chenge, mimi nikimwita Mwalimu, na ugomvi wetu ulikuwa wa kila siku kama chumvi kwenye mboga.

Alifundisha Kiingereza, na ndani ya hicho Kiingereza kitu alichokipenda kuliko chai ni aina za maneno. Walimu wengine waliandika ubaoni, nomino ni hivi, kitenzi ni hivi, watoto wakakariri kama sala ya jioni na kesho yake wakasahau. Yeye alikuwa hataki. Akiona darasa limeanza kusinzia, anawatoa nje wote, uwanjani, anawapanga mstari mmoja, kila mtoto anakuwa neno. Sentensi yake aliyoipenda ilikuwa ya samaki: "Oh! The big fish quickly ate the small fish." Maana yake samaki mkubwa kamla mdogo upesi upesi, kama sangara wetu anavyowamaliza furu ziwani.

Basi watoto waliokuwa nomino aliwapa jiwe la kushika, na mawe Mwanza hayatafutwi. Aliyekuwa kivumishi alimshika nomino mkono, asimwache. Aliyekuwa kitenzi marufuku kusimama, arukeruke pale pale mpaka kengele. Na aliyekuwa kielezi alimshika kitenzi shati kwa nyuma, akirushwarushwa naye, hapo ndipo uwanja mzima ulipokuwa unakufa kwa kicheko. Halafu anauliza mmoja mmoja, "Wewe ni nani?" Mtoto hajibu jina lake. Anajibu, "Mimi ni kivumishi, Madam." "Utajuaje?" "Kwa sababu nimemshika huyu." Nami niliyeishia darasa la nne, niliyakuta yale mambo yameniingia kichwani huku nikigeuza mihogo.

Sasa palikuwa na lile neno la mwanzo, "Oh!" Hilo alisema ni kiingizi. Kiingizi hakimshiki mtu, wala hakishikwi. Kinasimama peke yake, kinalia, basi. Ukikiondoa, sentensi inaendelea na safari zake na hakuna atakayekiulizia. Kwa hiyo mtoto wa kiingizi alisimama mbali, penye nguzo ya bendera, juani, na zamu yake ikifika anapiga kelele "Oh!" na shule nzima inamcheka. Nani angelitaka? Hakuna aliyelitaka. Ukimpa mtoto wa mtu, kesho mama yake yuko ofisini amejifunga kanga kiunoni. Lakini ukimpa wa kwako, nani atakuja kulalamika? Mzazi ni wewe.

Basi Muganyizi ndiye aliyekuwa "Oh!" Mwaka mzima, na uliofuata, na uliofuata.

Ngoja nikwambie kilichoanzisha, usije ukamhukumu bure. Muganyizi alipoingia kwenye darasa la mama yake, mtihani wa kwanza tu akawa namba moja. Alikuwa na akili yule mtoto, wala si uongo. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja akasimama, tumbo mbele, akasema, "Namba moja ya kupewa na mama jikoni, hiyo nayo ni namba?" Watu wakacheka. Mwalimu Kokugonza hakucheka. Alirudi nyumbani siku hiyo hakupika. Akamwita mtoto, akamweka mbele yake, akamwambia, "Kuanzia leo, shuleni mimi si mama yako. Mimi ni Mwalimu. Ukiniita mama utachapwa."

Hilo si geni, walimu wengi huku hufanya hivyo kwa watoto wao, na watu huwasifu. Lakini wenziwe wakifika nyumbani huvua ualimu pamoja na viatu. Yeye akaona mtoto ana ulimi mmoja, akizoea kusema mama nyumbani atajisahau darasani. Kwa hiyo hata nyumbani, Mwalimu. Mwalimu, nimeoga. Mwalimu, naomba chumvi. Mwalimu, naumwa tumbo. Mimi niko upande wa pili wa kamba ya nguo nasikia, damu inanichemka.

Nikamwambia, "We Mwalimu, umelogwa? Mtoto gani anamwomba mama yake chumvi kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni?"

Akanijibu, "Mama Chenge, samaki mkunje angali mbichi."

"Sawa," nikasema, "lakini ukishamkunja akakauka, hakunjuki tena. Anavunjika."

Akacheka. Akaniambia mimi ni mtu wa mihogo, mambo ya samaki niwaachie wa ziwani. Akasema ni mpaka amalize darasa la saba tu, halafu yataisha.

Halafu kuna ile siku ya mawe. Nyuma ya shule kuna majabali makubwa, watoto wanapenda kupanda wakiona walimu wameingia ndani. Muganyizi akateleza. Nilisikia kishindo na mimi huku getini. Akainuka, paji la uso limepasuka, damu mpaka kwenye shati, akakimbia moja kwa moja hadi uwanjani ambako mama yake alikuwa amepanga sentensi yake na darasa jingine. Akaita, "Mama!" Jamani, aliita kwa sauti ambayo hata mbuzi angeigeukia. "Mama! Mama!"

Mwalimu alinyanyua mguu mmoja. Naapa niliuona, ulinyanyuka. Halafu akatazama lile darasa lake, macho yote yale, na mguu ukarudi chini. Akasema, "Hapa hakuna mama wa mtu. Nenda kwa mwalimu wa zamu."

Mtoto akanyamaza papo hapo. Mimi ndiye niliyemfunga kile kidonda kwa kanga yangu. Alikuwa hatetemeki, hasemi, hata kulia hakulia. Mihogo ikaungua yote. Jioni nilikwenda kumwaga moyo wangu kwa Mwalimu, nikamkuta amekaa jikoni gizani, amekumbatia shati lenye damu, analia bila sauti ili mtoto asisikie. Nikarudi kwangu.

Tangu siku ile neno mama halikutoka kinywani mwa Muganyizi, si shuleni si nyumbani. Alimaliza darasa la saba. Mwalimu akanunua kuku, tukala, nikamwona anamtazama mwanawe usoni anasubiri. Mtoto akanawa mikono akasema, "Asante sana, Mwalimu." Akaenda sekondari, akaenda chuo cha kilimo, akawa bwana shamba kule Misungwi. Bado akimwita Mwalimu.

Usije ukadhani alikuwa mtoto mbaya. Aka! Wangekuwa wote hivyo, tusingezeeka na mawazo. Kila akipata nafasi anakuja, Misungwi si Ulaya. Anakuja na mchele, viazi, kuku kafungwa miguu. Nyumba ya Mwalimu aliiezeka upya, choo akakijenga cha kisasa. Mimi mwenyewe ananiletea kitenge. Akiingia uani, "Shikamoo, Mama Chenge!" Anapita muuza mchicha, "Mama, hujambo?" Mwanamke yeyote mwenye kilemba kichwani, kwake ni mama, ndivyo tulivyo nchi hii, tena bila gharama. Akifika kwa aliyemzaa, anainamisha kichwa kwa adabu zote: "Shikamoo, Mwalimu."

Na Mwalimu anaitikia, "Marahaba," anageuka haraka kutafuta kigoda ambacho kiko pale pale miguuni mwake.

Alipostaafu, tulikuwa tunakaa jioni tunachambua dagaa. Nikamwambia, kwani ulimi huna? Mwambie akuite mama, yataisha. Akaweka ungo chini. Akaniambia, "Nitamwambiaje, Mama Chenge? Nimwamuru aniite mama? Hapo si nitakuwa mwalimu tena?" Akachambua chambua, halafu akasema, "Nataka lije lenyewe. Nikilisikia mara moja kabla sijafa, sitadai kingine." Nikamkaripia kwa kutaja kifo na dagaa mkononi, lakini moyo wangu ulikuwa umevunjika.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, akaanguka. Alikuwa anaanua nguo, kamba ikamponyoka, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Nilipomfikia mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa. Tukampeleka hospitali. Akarudi yu hai, Mungu ni mwema, lakini maneno yote yalikuwa yamekwenda. Yote! Yule mwanamke aliyekuwa anayapanga maneno mstari kama askari, hakubakiwa na nomino wala kitenzi. Akitaka maji, "Oh." Akikataa uji, "Oh." Akiona jua limeingia dirishani, "Oh." Daktari mmoja kijana, mpole, alitueleza kwamba maneno ya kawaida hukaa mahali pake kichwani na kilio hukaa mahali pengine, na kwake kilichosalimika ni kilio.

Muganyizi alipoelezwa hivyo alitoka nje, akasimama ukutani mgongo umetugeukia. Sikumfuata.

Aliomba likizo, akahamia kwa Mwalimu. Nasema kweli, sijaona mtoto wa kiume akiuguza namna ile. Alifua mashuka kwa mikono yake, akamgeuza kitandani, akamlisha kijiko kwa kijiko. Waliofundishwa na Mwalimu walikuja wengi kumwona, watu wazima sasa, wengine na vitambi, na kila mmoja akijitambulisha kwa neno lake. "Madam, mimi nilikuwa kivumishi, unanikumbuka?" "Mimi nilikuwa kitenzi, niliruka mpaka nikachana suruali." Wanacheka, wanafuta machozi. Yeye anawaitikia, "Oh, oh." Halafu macho yake yanarudi kwa Muganyizi aliyesimama mlangoni na sinia la chai. Mkono wake mzima, wa kushoto, anaupiga kifuani pake, halafu anamnyooshea mwanawe. Kifuani, halafu mwanawe. "Oh. Oh."

Mmoja anasema anataka maji. Mwingine anasema kifua kinambana, afunguliwe dirisha. Kha! Mimi nilielewa mara ya kwanza tu. Na Muganyizi alielewa, kwa sababu kila akiuona ule mkono alitazama chini kwenye sinia.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Alikuwa uani anawasha jiko, nikamwendea na mwiko wangu mkononi.

"Muganyizi, unamwona mama yako anavyojipiga kifua?"

"Namwona, Mama Chenge."

"Mimi unaniita mama. Muuza mchicha unamwita mama. Yule pale kitandani amekukosea nini ambacho hakijalipwa?"

Aliendelea kupepea jiko ingawa moto ulikuwa umeshashika. Akasema, "Unadhani sijui? Kila nikija, nikipanda gari kule Misungwi ninalo mdomoni. Nalisema njia nzima moyoni. Nikifika mlangoni ulimi unafunga. Naiona nguzo ya bendera."

"Basi lilazimishe leo."

"Leo siwezi, Mama Chenge." Akanitazama, na nikakiona kile kikovu cha paji la uso. "Ana akili yule. Miaka yote hii sijamwita. Nikimwita leo ghafla, atajua kwamba nimeona anakufa. Ngoja apate nafuu kidogo. Akianza kukaa mwenyewe tu, nitamwita. Nimeapa."

Nikaushusha mwiko, mimi Odeta ninayejibu hata redio. Kwa sababu aliyosema yalikuwa na mapenzi ndani yake, na yalikuwa ya kijinga, yote kwa pamoja. Nikarudi kwenye mihogo yangu.

Na nafuu ilikuja, ndicho kinachoniuma. Asubuhi moja Mwalimu alikaa mwenyewe kitandani, akashika kikombe kwa mkono wa kushoto bila kumwaga. Muganyizi alitoka nje anacheka peke yake. Nikamsikia nyuma ya nyumba, anadhani yuko peke yake, anajifundisha, "Mama. Mama, uji tayari. Mama, umeamkaje?" Sauti inamkwama kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma ubao. Nikajifanya kiziwi, machozi yakidondokea kwenye mafuta.

Akapakua uji, akaelekea mlangoni. Kabla hajaingia tukasikia kikombe kimeanguka.

Hospitali tulimkuta daktari yule yule, akatutuma dawa. Muganyizi akakimbia kuitafuta. Mimi nikabaki nimemshika Mwalimu mkono. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mlango. Kila mlango ukisukumwa, "Oh?" Anaingia nesi. "Oh?" Anaingia mtu wa kupiga deki. Nikamwambia, "Anakuja, Mwalimu, mwanao anakuja, ametumwa dawa tu." Nikamwambia, "Analo, nimemsikia kwa masikio yangu, analo mdomoni." Sijui kama alinielewa. Alivuta pumzi, akatazama mlango tena, na safari hiyo hakusema kitu.

Muganyizi akarudi na dawa. Nikamfunika Mwalimu uso, nikatoka, nikawaacha.

Kesho yake ilikuwa ya kumchukua ili asafirishwe kwao Kagera, akazikwe kwenye migomba ya kwao. Wanafunzi wake walijaa nje ya chumba cha maiti, hata njia hakuna. Aliyekuwa mlangoni ni mzee mmoja, Mzee Nestory, koti jeupe, masikio yamechakaa kwa kuzoea kelele, maana mashine za barafu za mle zilikuwa zinanguruma kama mashine ya kusaga. Tukafika mbele, mimi na sanduku la nguo, Muganyizi nyuma yangu.

"Mmemfuata nani?"

"Wilhelmina Kokugonza," nikasema.

Akamgeukia Muganyizi. "Na wewe kijana, marehemu ni nani wako?"

Muganyizi akasimama wima, mikono ubavuni. Akajibu kwa adabu, kama alivyojibu maisha yake yote, "Ni mwalimu wangu."

"Wanafunzi mngoje nje," akasema Mzee Nestory. "Mmeshakuwa wengi hapa. Mimi nataka ndugu wa damu. Hana mtoto huyu?"

Nilitaka kumjibia mimi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Muganyizi akanishika mkono, akanizuia.

Akasema kitu, sikukisikia hata mimi niliyekuwa karibu.

"Sema kwa nguvu, mwanangu, mashine zinapiga kelele."

"Ni mama."

"Eti?"

"Ni mama yangu!"

Na likishatoka, basi, likawa halirudi. Alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akaita kuelekea kule ndani, "Mama! Mama! Mama yangu!" kwa ile ile sauti ya siku ya mawe, mpaka wanafunzi wote kule nje wakanyamaza.

Mzee Nestory akawa anampigapiga begani. "Nimesikia, mwanangu," anamwambia. "Basi, nimekusikia."

Lakini hakuwa akiitwa yeye.